Jina la Sifa na Chakula Chake

Waimbaji, wacheza ngoma na wacheza sinema hujitwalia jina jingine mbele ya watu, na pamoja na jina hilo mavazi, sauti na mwenendo. Wako wasemao kwamba huo ni uongo mtupu. Sisi twaona shauri hili si jepesi hivyo, na yafaa tulipime kwa mifano, tukianzia hapa Unyamwezi.

Katika njia ya misafara, toka Bagamoyo kupita Tabora mpaka Ujiji, jina lilikuwa silaha. Mtyela Kasanda alijulikana kwa jina la Mirambo, maana yake maiti. Rugaruga wake walivaa nguo nyekundu na mapambo ya kutisha, ili adui ashindwe kwa macho kabla ya bunduki. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Lakini Stanley alipoonana naye mwaka 1876 alistaajabu kumkuta mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu. Je, alikuwa mwongo? La, alivaa jina kama ngao. Ila jina la kutisha lina njaa: lisipolishwa vita, watu husahau kuogopa. Naye alipokufa mwaka 1884, dola yake haikudumu.

Sasa tutazame Unguja. Mtoto aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad, akatembeza vyungu vya kuuza. Mjini akapewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, na mwaka 1928 akaenda Bombay kutia nyimbo zake katika santuri. Walikuwako waliomcheka kwa sura yake na ukoo wake. Jina Siti nalo hakuzaliwa nalo. Lakini chakula chake kilikuwa kazi: wimbo uimbwe vema, na mnyonge asemewe. Katika wimbo wa Kijiti aliimba habari za mwanamke aliyeuawa, ambapo muuaji alikimbia na mashahidi wakaadhibiwa. Jina hili lilishiba, na mwenyewe hakupungua.

Liko na jina la namna ya tatu, nalo twalitaja kwa haya. Huko Marekani, mwaka 1972, Linda Boreman alionyeshwa katika sinema ya uchi kwa jina la Linda Lovelace, akasifiwa kama mwanamke afurahiaye kazi ile. Mwaka 1980 alitoa kitabu, akasema kwamba mumewe wa wakati ule alimlazimisha kwa vitisho. Hata hivyo picha iliendelea kuuzwa, hata baada ya kufa kwake mwaka 2002. Yeye alilikataa jina, lakini wenye biashara hawakuliachilia. Hapo chakula cha jina ni mwenye jina.

Basi kijana ajitungiaye jina leo, jukwaani au katika simu yake, asiulize tu, "Je, huyu ni mimi?" Aulize, "Jina hili litakula nini kesho, na siku nitakapotaka kulivua, ni nani atakayelishika?" Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi twaongeza: wako wagema ambao sifa zetu huwamaliza wenyewe. Maana jina halijilishi. Walilishao ni watazamaji, nasi tumo miongoni mwao.