Neno la Mateka

Reli itokayo Kigoma hupita Itigi na Manyoni, mkoani Singida, na mzigo hupimwa kabla ya kupakiwa. Je, habari ya mateka haistahili mizani?

Mwezi wa Mei 1975 wapiganaji wa Laurent Kabila walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakateka watu wanne wa kigeni huko Gombe. Mmoja akaachiliwa kwanza, apeleke madai yao. Barua aliibeba yeye. Maneno hayakuwa yake.

Katika Sura An-Nahl Mwenyezi Mungu amemtoa lawamani aliyelazimishwa kutamka, hali moyo wake umetulia katika imani. Basi ikiwa Mola hamhesabii, mwandishi atamhesabiaje? Ayatangazaye maneno yaliyosemwa mbele ya bunduki, asibainishe kwamba msemaji amelazimishwa, amemteka mara ya pili.