Kupeleleza Njia na Kumtegemea Mungu

Nahodha mgeni afikapo mlango wa Kinasi, uingiao ghuba ya Chole mbele ya Utende, hutua tanga, akatazama maji na miamba, akauliza wenyeji. Je, huko ni kupungukiwa na tawakali?

La. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka mwaka 622, alikaa pangoni Thaur siku tatu. Usiku Abdallah mwana wa Abubakar akimletea habari za Makureshi, na kiongozi wake wa njia, Abdallah bin Uraiqit, hakuwa Mwislamu. Naye ni nani aliyemshinda kwa tawakali?

Walakini upelelezi una mpaka. Kisiwa hichohicho cha Mafia kiliona wa namna nyingine mwaka 1915, Waingereza waliokitwaa waliporusha ndege kuitafuta Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha Rufiji, hata ikaangamia mwezi wa Julai. Hayo ni ya vita. Amchunguliaye jirani yake kwa jicho hilo amekwisha mfanya adui, na sura ya Hujurat imekataza.

Basi hatari hupelelezwa, aibu za watu husitiriwa. Na mwenye roho za abiria mkononi, aachaye kuuliza kina kisha chombo kikapasuka, asiseme ni kudra: ameisingizia kudra uvivu wake.