Nyakati Nne za Mtoto

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumbukumbu la Torati 6:4-12, 2 Timotheo 1:5, Marko 10:13-16, Luka 24:13-32, 1 Samweli 3:1-10, Zaburi 127:2, Isaya 50:4, Luka 11:24-26.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Lisomeni katika Biblia ya familia, kisha wakubwa na wadogo walikariri pamoja kabla ya Sabato ijayo.

Musa aliposema na Israeli ng'ambo ya Yordani, taifa lilikuwa karibu kuingia katika nchi yenye nyumba ambazo hawakuzijenga na visima ambavyo hawakuvichimba. Katika sura hii hofu yake haikuwa majitu wala kuta za miji. Alihofu kwamba watu wakishiba watamsahau Bwana. Dawa aliyowapa ilikuwa ya nyumbani. Aliwaambia wazazi waseme na watoto wao katika nyakati nne za siku ya kawaida: wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka.

Leo, mjini na kijijini, nyakati hizo nne zimepata mwalimu mwingine. Mtoto akiketi, runinga inaongea. Akiwa ndani ya daladala, anapewa simu ili atulie. Akilala, simu iko chini ya mto. Akiamka, mkono unaitafuta kabla magoti hayajagusa sakafu. Somo la juma hili haliulizi kama simu ni dhambi. Linauliza swali zito zaidi: Ni nani anayezungumza na mtoto katika nyakati ambazo Mungu alimkabidhi mzazi?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Kwanza Moyoni mwa Mzazi

Soma Kumbukumbu la Torati 6:4-7. Maneno ya Mungu yanapaswa kukaa wapi kabla hayajafika kwa mtoto?

Utaratibu wa mafungu haya haupaswi kupinduliwa. Fungu la 6 linamhusu mzazi. Mtoto anatajwa katika fungu la 7. Neno la Kiebrania lililotumika hapa kwa ajili ya kufundisha linahusishwa na kunoa. Kisu hakinoleki kwa kupitishwa juu ya jiwe mara moja. Hupitishwa tena na tena, na lazima kisu na jiwe vigusane.

Mzazi anayemkemea mtoto aache simu huku mwenyewe akiendelea kuperuzi ya kwake anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja, na mtoto hushika lile analoliona. Jambo hili linafika hata kanisani. Washiriki wengi sasa husoma Biblia na Nyimbo za Kristo katika simu, na hilo si kosa. Lakini mtoto wa miaka minne aliyepakatwa na baba yake hawezi kujua kama baba anasoma Zaburi au anajibu ujumbe. Anachokiona ni uso ulioinamia kitu kinachong'aa. Familia inayofungua Biblia ya karatasi wakati wa ibada humpa mtoto ishara isiyo na utata.

Paulo alipoikumbuka imani ya Timotheo, aliifuata nyuma hadi kwa mama yake, Eunike, na bibi yake, Loisi. Kabla haijakaa ndani ya kijana, imani hiyo ilikuwa imekaa ndani ya wanawake wawili aliowaona kila siku.

Mtoto wako akiulizwa ni kitu gani unachokitazama zaidi kwa siku nzima, atajibu nini?

JUMATATU
Wakati wa Kuketi

Soma Marko 10:13-16. Yesu aliwabariki watoto kwa namna gani?

Yesu angeweza kutamka baraka kutoka mbali, nayo ingetosha. Badala yake aliwachukua mikononi mwake na kuwawekea mikono. Mtoto hujifunza kwa mtu aliye karibu.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watoto wachanga wa miezi 9, wa familia zinazosema Kiingereza, walisikilizishwa Kichina. Kundi moja liliketi na mtu aliyewasomea vitabu na kucheza nao, vipindi 12 kwa jumla. Kundi jingine lilipata mafundisho ya namna hiyo hiyo kwa video. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile ngeni. Waliotazama video hawakujifunza. Lugha ilikuwa ileile, bali mtu hakuwapo.

Mtoto mchanga anapotoa sauti, mama huitika, naye mtoto hujibu tena. Katika kuitikiana huko ndimo lugha inamojengwa, pamoja na uwezo wa kuusoma uso wa mwenzake. Katuni huongea sana, lakini haimwelewi mtoto wala haimsubiri ajibu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halishauri mtoto wa chini ya miaka 2 kuketishwa mbele ya skrini, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linashauri isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi.

Hapa kanisa linapaswa kusema kwa upole. Mama aliye peke yake, uji ukiwa jikoni na mtoto akilia, hutoa simu kwa sababu hana mtu wa kumpokea mtoto. Asihukumiwe, bali asaidiwe. Na hata akiwa peke yake, sufuria tupu na mwiko, pamoja na sauti ya mama anayesimulia anachokipika, humpa mtoto kile ambacho katuni haiwezi kumpa.

Ni saa gani nyumbani kwako ambapo vyombo vyote huzimwa na watu huzungumza wakitazamana? Kama haipo, inaweza kuanza kwenye mlo upi?

JUMANNE
Wakati wa Kutembea

Soma Luka 24:13-32. Yesu alitumiaje safari ya kwenda Emau?

Njia ile ilikuwa ya kilomita 11 hivi, na Yesu hakuipoteza. Aliwauliza wanafunzi walichokuwa wakizungumza, akawasikiliza, ndipo akawafungulia Maandiko. Mazungumzo ya moyoni mara nyingi huja watu wanapotembea pamoja.

Muumba hakuutengeneza mwili wa mtoto ili uketi kimya siku nzima. Mwongozo uliotajwa jana unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku, na 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, shirika hilohilo linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku. Rede, kombolela na kuruka kamba zilitimiza hitaji hilo bila gharama yoyote.

Macho nayo yanahitaji nje. Huko Guangzhou, China, baadhi ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, karibu watoto 30 kwa kila 100 walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Katika shule ambazo hazikuongeza dakika hizo, idadi ilikuwa karibu 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Dakika 40 za mwanga wa mchana hazinunuliwi dukani.

Waadventista wana utajiri hapa. Alasiri ya Sabato, njia ya kurudi kutoka kanisani, na matembezi ya Watafuta Njia ni madarasa yaliyo tayari. Mtoto anayeinama kumtazama chungu akibeba punje ameshafungua Mithali 6:6. Kilichobaki ni mzazi kusimama naye badala ya kumvuta mkono.

Safari gani ya kila juma unaweza kuitembea na mtoto wako bila simu mkononi?

JUMATANO
Wakati wa Kulala

Soma Zaburi 127:2 na 1 Samweli 3:1-10. Samweli alikuwa wapi, na katika hali gani, alipoitwa?

Zaburi inauhesabu usingizi kuwa kipawa cha Mungu kwa wale awapendao. Na sauti iliyombadilisha Samweli ilimkuta amelala mahali patulivu, karibu na mtu mzima ambaye angeweza kumkimbilia na kumuuliza. Eli alikuwa amefifia macho, na nyumba yake ilikuwa na kasoro kubwa, lakini usiku ule alikuwa karibu, akamwonyesha mtoto namna ya kuitika.

Giza linapoingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, inayoandaa usingizi. Mwanga wa skrini machoni huichelewesha, na mchezo wa kusisimua huiamsha akili iliyopaswa kutulia. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Akikosa, kesho yake huwa mwepesi wa hasira, husahau aliyofundishwa na kusinzia darasani. Huenda akaitwa mtukutu au mzito wa kuelewa, kumbe ana usingizi.

Kuna hatari nyingine. Usiku, chini ya shuka, mtu asiyejulikana anaweza kuzungumza na mtoto, na hakuna Eli wa kuulizwa. Njia nyepesi ni simu zote, za wazazi pia, zilazwe mahali pamoja, mbali na vitanda. Familia inayoishi chumba kimoja inaweza kuziweka juu ya kabati baada ya ibada ya jioni.

Jana usiku, sauti ya mwisho aliyoisikia mtoto wako kabla ya kulala ilikuwa ya nani?

ALHAMISI
Wakati wa Kuamka

Soma Isaya 50:4 na Luka 11:24-26. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu mwanzo wa siku na kuhusu moyo ulioachwa wazi?

Mtumishi wa Bwana katika Isaya huamshwa sikio lake kila asubuhi ili asikie kama mwanafunzi. Ana neno la kumpa aliyechoka kwa sababu amelipokea kwanza. Vivyo hivyo, nyumba inayoanza siku kwa wimbo, fungu moja na sala fupi imempa mtoto kitu cha kubeba hadi shuleni.

Luka 11 inaongeza onyo. Nyumba ilifagiliwa, ikapambwa, ikaachwa bila mwenyeji. Hali yake ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Mzazi anayenyang'anya simu kwa hasira bila kuweka kitu mahali pake amefagia tu. Mtoto ataitafuta kwa jirani au katika kibanda umiza. Anayesema, “Simu inapumzika sasa, njoo tupike pamoja,” ameweka mwenyeji ndani ya nyumba. Na kijana aliyekwisha kukua ashirikishwe kupanga saa hizo, kwa maana Paulo katika Waefeso 6:4 anawaonya akina baba wasiwatie watoto wao uchungu.

Chombo chenyewe si adui. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wanafunzi wengi wa Kenya na Tanzania walifuatilia masomo kwa redio na runinga. Chombo kikiwa na kazi maalumu, saa maalumu na mtu mzima karibu, hutumika vizuri. Madhara huingia kinapoachiwa nyakati zote nne.

Ukimpunguzia mtoto muda wa skrini kuanzia kesho, utaweka nini mahali pake?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Ellen G. White, katika kitabu chake kuhusu elimu kilichochapishwa mwaka 1903, alifundisha kwamba elimu ya kweli inamhusu mtu mzima: mwili, akili na roho vikikua kwa ulinganifu. Luka 2:52 inaonyesha kukua kwa namna hiyo katika Yesu mwenyewe: hekima, kimo, kibali kwa Mungu na kibali kwa watu. Nyumba ya Nazareti haikuwa na mali nyingi, lakini ilikuwa na wazazi waliokwenda Yerusalemu kila mwaka, na waliomtafuta kwa uchungu walipogundua kwamba hayumo msafarani. Watoto wengi leo wamepotea wakiwa sebuleni, hatua tatu kutoka kwa wazazi wao, na hakuna aliyerudi njiani kuwatafuta.

Kila Ijumaa jua linapozama, Mungu anazifungulia familia zake mlango wa kurudi. Kabla ya wimbo wa kufungua Sabato leo, simu ziwekwe kando, na kila mtoto aitwe kwa jina lake.

Maswali ya Kujadili:

1. Kati ya nyakati nne za Kumbukumbu la Torati 6:7, ni upi umepotea zaidi katika familia za kanisa lenu? Umechukuliwa na nini?

2. Baba anarudi nyumbani saa 3 usiku, watoto wamelala, na anaondoka kabla hawajaamka. Mafungu ya juma hili yanamwambia nini bila kumvunja moyo?

3. Watoto wanapopewa simu ili watulie wakati wa hubiri, wanajifunza nini kuhusu ibada? Darasa lenu linaweza kuwaandalia nini badala yake?

4. Tajeni, bila kuaibisha mtu, mama au bibi kanisani mwenu anayelea peke yake. Ni nani atakayekwenda kumpokea mtoto kwa saa moja juma lijalo, na siku gani?