Unene wa Noti Moja

Mzee aliyenipangisha chumba huko Montana alinunua kitako kipya cha bunduki, cha mbao ya walinati, akaniomba nimsaidie kukifunga. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake, na kitako cha zamani kilikuwa kimepasuka. Mikono yake bado ina nguvu, ila macho yamechoka. Alihitaji macho yangu.

Nilisita. Nyumbani Tanzania, majambazi walimuua baba yangu mdogo kwa risasi dukani kwake, nikiwa darasa la tano. Tangu hapo sikuwahi kugusa bunduki. Lakini mzee huyu ndiye aliyenipa koti la baridi siku niliyofika. Nikakubali, nikijiambia kwamba huu ni useremala tu.

Na kweli ni useremala. Alifungua chemba, akanionyesha ni tupu. Tukaupitisha mtutu juu ya moshi wa mshumaa mpaka ukashika masizi, tukaulaza kwenye mfereji wa kitako, kisha tukauinua. Penye weusi kwenye mbao ndipo chuma kinapogusa. Unakwangua hapo kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, unajaribu tena. Mbao hunywa unyevu, huvimba na kujipinda. Ikiusukuma mtutu, risasi huenda pengine. Kwa hiyo mtutu unaachwa uelee. Kipimo cha mzee ni noti ya dola, yenye unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikipita chini ya mtutu wote bila kukwama, kazi imekwisha.

Siku ya pili noti ilikwama. Palikuwa na doa dogo upande wa kulia ambalo mzee hakuliona.

"Tayari?" akauliza.

Ningeweza kuitikia tu. Aristotle anafungua kitabu chake cha maadili kwa wazo kwamba kila ufundi hulenga jema fulani. Darasani nililiandika wazo hilo bila kuuliza: jema la nani? Fundi aliyeitengeneza bunduki iliyomuua baba mdogo huenda naye aliifanya kazi yake kwa uangalifu, akajivunia. Uangalifu wake haukuwa na kosa, na hilo ndilo lililonitisha.

Lakini mzee huwinda kulungu kila mwaka, na nyama ile nimeila majira yote ya baridi. Risasi ikienda pengine, si lazima imkose mnyama. Yaweza kumpata tumboni, akakimbia na kufa polepole vichakani. Kunyamaza kwangu kusingezuia kifo. Kungekiongezea maumivu, huku mimi nikijiona msafi.

"Bado," nikamwambia, nikachukua msasa.

Noti ilipopita, nilifurahi, kisha furaha yenyewe ikanisumbua. Kazi ile ilikuwa njema kwa kulungu wa msimu huu. Bunduki, hata hivyo, huishi kuliko wawindaji, na iliyonyooka humnyookea yeyote atakayeishika.

Nikamuuliza atamwachia nani. Akaifungia kwenye kabati la chuma, akatia ufunguo mfukoni.

"Mjukuu wangu mmoja ameiomba," akasema. "Sijamjibu."

Kumjibia hakukuwa juu yangu. Kuuliza kulikuwa juu yangu, maana sasa mkono wangu nao umo.