Nani Kapewa Kona ya Ndani?

Pale Mwimbi, siku ya michezo, uwanja wetu wa mbio ulichorwa kwa majivu. Tulisimama mstari mmoja, bega kwa bega, mwalimu akasema, "Hapo sasa mko sawa." Filimbi ikalia. Mimi nilikuwa wa nje kabisa. Nilikimbia mpaka koo likawaka, nikaambulia nafasi ya nne.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipopiga hesabu. Kila mita moja unayosogea nje, mzunguko mzima unarefuka kwa zaidi ya mita 6. Tulianza pamoja, lakini hatukukimbia umbali mmoja. Ndiyo maana kwenye riadha ya mita 400 mkimbiaji wa nje huanzia mbele. Mgeni akiona atadhani kapendelewa, kumbe kasawazishiwa tu.

Farasi je? Hawana njia za kuchorewa. Vizimba vya kuanzia hugawiwa kwa kura, kisha kila mmoja anagombania uzio wa ndani. Utasema kura ni haki. Sawa, lakini kura inampa kila mtu nafasi sawa ya kuonewa. Uonevu wenyewe inauacha palepale.

Kule Marekani, kwenye Kentucky Derby, vizimba 20 vilikuwa vya mapande mawili, 14 na 6, na farasi wa namba 1 alijikuta ameelekezwa uzioni. Tangu Ferdinand ashinde akitokea hapo mwaka 1986, hadi 2019 hakuna mwingine aliyeweza. Mwaka 2020 wakaleta pande moja la vizimba 20, farasi wa ndani akapata nafasi ya kupumua. Farasi ni walewale, kilichobadilika ni kifaa. Viwanja vingine vinaweza kusogeza mwanzo mbali na kona, ili aliye nje apate muda wa kuingia ndani bila kupoteza nguvu.

Kuna atakayeuliza: tukisawazisha kila kitu, mbio zitabaki na nini? Swali zuri. Mimi natenganisha cha mkimbiaji na cha uwanja. Filbert Bayi, Christchurch 1974, aliongoza tangu mwanzo wa mita 1500 hadi rekodi ya dunia, 3:32.16. Njia ya ndani aliichukua kwa miguu yake, hakugawiwa. Pumzi, kasi na ujasiri tuviache vishindane. Majivu ndiyo ya kurekebishwa, kwa sababu majivu yamemwagwa na mtu.

Simlaumu mwalimu. Alitaka usawa, akauona kwenye mstari ulionyooka, kama wengi wetu tunavyouona tukisema watoto wote wamefanya mtihani mmoja.

Aliyeshinda siku ile alikuwa na mbio kweli, sina ubishi. Ila mpaka leo mimi sijui, wala yeye hajui, kama alinishinda. Uwanja mbovu ulitudhulumu wote wawili.