Nani Atangulie Kuamini?

Swali tunalolileta leo ni la vitabu vya mtumba, nalo si dogo kama linavyoonekana. Kijana wa hapa Lamadi anaitafuta Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Mwandishi alizaliwa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji yetu haya, lakini nakala iko Dar es Salaam kwa mtu ambaye kijana anamjua kwa picha za simu tu. Muuzaji asema, "Tuma hela kwanza." Kijana asema, "Tuma kitabu kwanza." Je, mwenye haki ni nani?

Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, yasema kwamba watu wasipopatana vingine, bei na mali hutolewa kwa pamoja. Hilo ni jibu jema la mnadani, ambako mkono hupokea na mkono hutoa. Lakini hela ya simu hufika kwa dakika, na kitabu hupanda basi kikachukua siku nzima au zaidi. Katika saa hizo mmoja amekwisha kutoa na mwenziwe bado. Hofu lazima ibebwe na mmoja wao.

Herodotus, Mgiriki wa kale, asimulia habari za wafanyabiashara wa Karthago waliopanga bidhaa zao ufukweni, wakafukiza moshi, wakarudi merikebuni. Wenyeji walikuja, wakaweka dhahabu kando ya bidhaa, wakajitenga. Dhahabu ikiwa haitoshi, wageni walisubiri iongezwe. Hakuna aliyegusa cha mwenziwe kabla ya kuridhika wote. Sisi hatuna ufuko wa namna hiyo. Jumia, iliyokuwa ikikubali mtu alipe anapopokea mzigo, ilifunga kazi nchini mwaka 2019.

Basi twadhani anayepaswa kutangulia ni yule ambaye hasara haitamwangusha. Muuzaji mwenye rafu nzima akipoteza kitabu kimoja ataumia, lakini kesho atauza kingine. Mwanafunzi akipoteza shilingi elfu nane amepoteza nauli na daftari za muhula. Kama muuzaji naye ni mnyonge, anauza vitabu vyake mwenyewe apate ada, hesabu hugeuka.

Liko neno moja tusilolipenda: "Kwani huniamini?" Mtu akilisema, amegeuza zawadi kuwa deni. Imani hupewa mtu. Haidaiwi kama kodi. Kuomba uthibitisho si kumtukana mwenzako, na mwaminifu haoni taabu kuutoa. Na apige picha ya jalada na ya ukurasa uliochanika, kando yake karatasi yenye tarehe ya leo. Mnunuzi naye asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa si la muuzaji, aulize. Muuzaji asiridhike na ujumbe wa kupokea hela, maana ujumbe hughushiwa. Aangalie salio lake. (Ile "hela tuma kwenye namba hii" imekwisha kuwaliza wengi mno, nasi twashangaa kwamba bado inawapata watu.)

Njia iliyo bora kwetu ni mtu wa tatu. Karibu kila nyumba ya Lamadi ina shangazi au binamu Dar es Salaam. Huyo na aende, akishike kitabu, ahesabu kurasa, alipe papo hapo, kisha akipeleke ofisi ya basi liendalo Musoma na kuchukua risiti yenye jina na simu ya mpokeaji. Hapo ile sheria ya mkono kwa mkono imetimia, na kinachobaki ni safari tu.

Na kikifika kimepungua kurasa? Kama muuzaji alijua akanyamaza, nauli ya kukirudisha ni yake, hata ikizidi bei ya kitabu. Kama alisema na mnunuzi akakubali, hakuna kesi. Kama hakuna aliyejua, sisi twaona wagawane nauli, ingawa najua wako watakaobisha, hasa wenye maduka.