Rufaa ya Dk. Haneef na subira yetu

Kuna hoja ninayoisikia misikitini na barazani kila Mwislamu anapodhulumiwa na dola: asubiri, amuachie Allah, asiende kuomba haki kwa mahakimu wasiohukumu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu. Wengi wanaoisema ni watu wema, na hoja yenyewe ina sura ya uchamungu. Naomba tuipime kwa kisa kimoja cha kweli, kisa cha Dk. Mohamed Haneef.

Ndugu msomaji, huyu ni Mwislamu wa India aliyekuwa ameajiriwa hospitali ya Gold Coast, jimbo la Queensland, Australia. Alikuwa na viza ya muda ya wafanyakazi wenye ujuzi, ile iliyojulikana kwa namba 457 hadi ilipoondolewa mwaka 2018. Viza hiyo ilimtegemea mwajiri aliyekudhamini, hali ambayo ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua vizuri. Tarehe 2 Julai 2007 alikamatwa uwanja wa ndege wa Brisbane akiwa na tiketi ya kwenda India, ambako mkewe alikuwa amejifungua muda mfupi kabla. Siku mbili nyuma yake gari lilikuwa limeparamishwa kwenye jengo la uwanja wa ndege wa Glasgow, na dereva wake alikuwa ndugu wa mbali wa Haneef.

Kosa lake likawa laini ya simu. Alipoondoka Uingereza mwaka 2006 aliiacha kwa ndugu wa dereva yule. Mahakama ikaelezwa kuwa laini hiyo ilikutwa ndani ya gari la shambulio. Haikuwa kweli. Ilikutwa kwa yule aliyeachiwa, mji mwingine kabisa, Liverpool.

Alishikiliwa siku 12 bila kufunguliwa mashtaka. Tarehe 16 Julai, hakimu akampa dhamana ya dola 10,000. Saa chache baadaye Waziri wa Uhamiaji, Kevin Andrews, akafuta viza yake kwa kifungu kinachohusu tabia ya mgeni. Tafsiri yake ni kwamba akitoka mikononi mwa hakimu anaingia mikononi mwa Uhamiaji. Upande wake ukaona bora dhamana isilipwe, abaki rumande.

Tarehe 27 Julai mashtaka yakaondolewa kwa kukosa ushahidi, akarejea Bangalore kwa familia yake. Lakini viza ikabaki imefutwa. Hapa ndipo lilipo swali. Mtu yuko huru, amempakata mwanawe, viza ya nini tena? Angeweza kusema Alhamdulillah yakaishia hapo, na nadhani wengi wetu tungemshauri hivyo. Yeye akaendelea na shauri katika Mahakama ya Shirikisho.

Nabii Yusuf (AS) naye aliletewa habari ya kutoka gerezani. Katika aya ya 50 ya Sura yenye jina lake tunasoma kuwa hakukimbilia mlango, bali alimrudisha mjumbe kwa mfalme ili kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake. Mtume wetu (SAW) aliusifu msimamo huo kwa unyenyekevu, kama ilivyopokelewa na Bukhari, akisema kwamba yeye angemuitikia mjumbe. Hakuna atakayesema Yusuf alikosa subira. Alijua kuwa anayetolewa kwa huruma ya mfalme hubaki mtuhumiwa machoni mwa watu.

Na kuhusu mahakimu wasio Waislamu, tukumbuke Jaafar bin Abi Talib. Makureshi walipotuma wajumbe na zawadi Uhabeshi ili wahajiri warudishwe Makka, Jaafar alisimama mbele ya Najashi, mfalme Mkristo, akajenga hoja na akasoma katika Sura Maryam. Zawadi zikarudishwa kwa wenyewe. Ukitazama vizuri, ile ilikuwa kesi ya kufukuzwa nchini.

Sasa tazama kilichopatikana. Waziri alidai kuwa inatosha mgeni kuwa na uhusiano na watu wanaoshukiwa. Jaji Jeffrey Spender alipokuwa akisikiliza alitania kwamba kwa kipimo hicho yeye mwenyewe angeshindwa, maana naye amewahi kuwa na uhusiano na watuhumiwa. Tarehe 21 Agosti 2007 akatengua uamuzi wa waziri: uhusiano unaokusudiwa na sheria ni ule wa kuhusika na uhalifu au kuuunga mkono, si undugu mtupu. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 21 Desemba majaji watatu wakaikataa. Mwaka 2008 uchunguzi wa jaji mstaafu John Clarke haukuona ushahidi wa kumhusisha Haneef na ugaidi, na mwaka 2010 serikali ikamlipa fidia.

Sisemi kila anayekwenda mahakamani hushinda. Haneef alikuwa daktari, alipata mawakili hodari, na mmoja wao, Stephen Keim, alitoa kwa gazeti nakala ya mahojiano ya polisi ili wananchi wajisomee. Mpishi au mlinzi hapati watu kama hao kirahisi. Basi hilo ni jambo la jumuiya zetu kuchangia, kama tunavyochangia sanda.

Linalonikera zaidi ni kwamba kipimo cha yule waziri tunacho mitaani kwetu. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Ugaidi tangu 2002. Kijana akikamatwa usiku, asubuhi jirani hawamsalimii mama yake, namba yake inafutwa kwenye simu, na aliyesoma naye madrasa anaapa hamjui. Hatusubiri hakimu. Na hapo tunasahau kuwa Suratul Hujurat imetukataza kuwadhania watu na kutuamrisha kuhakikisha habari.

Mwenye ndugu ughaibuni aliyepata barua ya kufutiwa viza, amwambie asikae nayo mfukoni akisubiri faraja. Siku za kujibu huhesabiwa, na zikipita huenda hata hoja nzuri isisikilizwe. Aitafute jumuiya ya Waislamu ya hapo alipo leo hii, naye aliyeko nyumbani aanze kutafuta nauli ya wakili.